Ndege Zilizopulizia Mihogo

Mama yangu alikuja Guangzhou kunisubiri nijifungue, na kabla hajazoea hata lifti ya hospitali, wapulizaji wa dawa ya mbu waliingia mtaani kwetu.

Tulikuwa tunaishi Kangle, mimi na mume wangu, katika chumba kimoja chenye jiko lake dogo. Chini yetu palikuwa na karakana ya kushona suruali, na kutwa nzima cherehani zilinguruma chini ya nyayo zetu. Majengo ya Kangle yamebanana kiasi kwamba jirani akikaanga kitunguu saumu unajua kabla hajatia mboga. Mume wangu ni mtu wa Singida. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wafanyabiashara wa nyumbani, kuwapeleka soko la Zhanxi kununua nguo na viatu, kuwatafsiria, na kusimamia mizigo yao mpaka ipakiwe kwenye kontena kule bandari ya Huangpu. Mimi nilikuwa nasoma shahada ya uzamivu ya historia, katika chuo kilicho ng'ambo ya barabara kuu. Nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshaanza kunitangulia mlangoni.

Mvua za mwaka ule zilileta homa ya dengi. Mabango yalibandikwa kila kona, yana picha ya mbu mkubwa kama kuku, na watu wa mtaa walipita wakimwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo na vyungu vya maua. Asubuhi moja kipaza sauti kilitangaza kwamba watapuliza dawa, tufunge madirisha na kufunika chakula. Nilimwambia mama, "Wanakuja kupuliza dawa ya mbu." Alikuwa amekaa kitandani anachambua mchele kwenye sinia. Akaitikia kwa kichwa. Leo nadhani alisikia neno mbu tu.

Kwanza tulisikia mashine chini uchochoroni, inanguruma kama pikipiki iliyoharibika ekzosi. Halafu ukaja mlio mwingine, mwembamba, kutoka juu. Nilitazama dirishani nikaona droni, ndege ndogo isiyo na rubani, inapita taratibu juu ya mapaa ambako watu hupanda mboga na kuanika nguo. Chini yake ilikuwa inaacha ukungu mwepesi wa maji.

Mama naye aliiona.

Hakupiga kelele. Aliweka sinia chini, akanishika mkono juu ya kiwiko kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akanisukuma hadi bafuni, mahali pekee nyumbani pasipo dirisha. Akafunga mlango. Akavua kanga, akailoweka kwenye ndoo, akanifunika kichwa na tumbo. Kisha akanilalia.

"Usifungue mdomo," alisema. "Usimeze mate."

"Mama, ni mbu."

"Nyamaza, mwanangu."

Harufu ya dizeli na dawa ilipenya chini ya mlango. Mama akavua na gauni, akabaki na sketi ya ndani, akaziba ule upenyo. Tulikaa kwenye sakafu yenye maji. Nilikuwa nahisi moyo wake unavyodunda mgongoni kwangu, na mtoto tumboni akawa anageuka geuka, na mimi nikaanza kuogopa bila kujua naogopa nini. Mtu aligonga mlango wa chumba chetu. Nilipojibu kwa ndani, sauti ya kiume ilisema, "Mei shi, mei shi," yaani hakuna neno, hakuna neno, ikaenda zake.

Tulipotoka, mama alimwaga maji ya ndoo zote. Kisha akachukua ule mchele, wote, akautupa kwenye mfuko wa taka. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo si dogo. Mama yangu hakuwahi kutupa chakula. Tulipokuwa watoto alikuwa anatuamrisha kurudi kuokota punje.

Kwetu ni Newala, nchi ya korosho. Kila msimu mikorosho inapotoa maua, watu hupulizia salfa ili ugonjwa wa ubwiri unga usiyaue, na vumbi la manjano hutanda shamba hadi shamba. Siku hizo mama alitufungia ndani, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mikorosho yetu wenyewe hakuipulizia kamwe. Maua yalikauka, mavuno yakawa ya kutia aibu, majirani wakasema yule mama ni mvivu, wengine wakasema ni bahili. Sisi wanawe tulichagua bahili.

Alasiri ile nilimuuliza. Alikuwa amevaa gauni kavu, amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshikana mapajani.

"Ile ndege," alisema, "ndiyo iliyokuja kwetu. Ile ilikuwa kubwa, hii imekonda. Lakini mwendo ni ule ule."

Nilijua mama alizaliwa upande wa Msumbiji na kwamba alivushwa Mto Ruvuma akiwa mtoto, wakati Wareno wanapigana na wapigania uhuru. Hilo kila mtu nyumbani alilijua. Hatukujua zaidi, na tuliona ni adabu kutouliza.

Aliniambia kwamba watu wao walikuwa wamehama vijiji na kuishi porini, na mashamba yao waliyaficha chini ya miti mikubwa. Ndege za mabomu walizizoea. Ukisikia mlio unaingia shimoni. Siku ile ilikuja ndege iliyoruka chini na polepole, ikapita, ikageuka, ikapita tena, na haikudondosha kitu.

"Tukatoka mashimoni kuitazama. Watoto tulicheka. Tulisema leo Mreno kasahau mabomu yake." Akaangalia dirishani. "Halafu manyunyu yakaanza. Mimi meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, najikumbuka kwa hilo. Nilidhani ni mvua. Nilitoa ulimi."

"Ulionja?"

"Kama mafuta ya taa. Nikatema. Lakini nilishaonja."

Siku zilizofuata majani ya mihogo yalijikunja kama yamepitiwa na moto, yakadondoka. Mapapai yalivimba yakaoza yakiwa mabichi. Baadaye hata miti mikubwa ilipukutisha majani, na jua likaingia mahali ambapo halijawahi kuingia. Ndipo ndege za mabomu ziliporudi, na safari hii ziliwaona. Walichimba mihogo iliyobaki ardhini wakaila, kwa kuwa hapakuwa na kingine, na baada ya mashambulizi mengine kadhaa wakaanza safari ya kwenda mtoni.

Hapa inanibidi nieleze jambo moja.

Tasnifu yangu ilikuwa inahusu jambo hilo hilo. Nilikuwa naandika juu ya majeshi yenye ndege yanapokutana na msitu. Ndege ni macho, na msitu ni pazia. Kwa hiyo jeshi lenye ndege huanza kuuchukia mti kama adui. Nilikuwa nimesoma jinsi Waingereza walivyopuliza sumu kwenye kingo za barabara na bustani za wapiganaji kule Malaya, kisha jinsi Wamarekani walivyolifanya jambo hilo kubwa kupita kiasi Vietnam: ndege zinaruka kwa mstari, asubuhi upepo ukiwa umetulia, chini sana juu ya vilele vya miti, zinamwaga dawa kutoka kwenye mapipa yaliyopakwa mistari ya rangi ili mtu ajue ipi ni ipi. Nilijua kwamba katika baadhi ya mapipa mlikuwa na uchafu wa kikemikali unaokaa mwilini miaka na miaka. Nilijua mabishano ya wanasayansi kuhusu watoto, na kuhusu watoto wa watoto. Vita vya Msumbiji vilikuwa na nusu ukurasa katika sura yangu ya tatu. Maandishi niliyoyapata yalisema Wareno nao walipuliza mashamba ya kaskazini, na hayakusema mengi zaidi.

Somo hili nililichagua kwa sababu mwalimu wangu msimamizi alikuwa na makabati ya vitabu vya somo hilo. Sikulichagua kwa ajili ya mama. Sikujua.

Kuanzia siku ile kusoma kukawa kazi ya hatari. Nilikuwa nafungua makala kutafuta idadi ya ndege, najikuta nasoma juu ya uti wa mgongo wa watoto wachanga. Mtoto akicheza nahesabu amecheza, asipocheza nasukuma tumbo kwa kidole mpaka ajibu. Nilipomwambia mume wangu, alikuwa anafunga viatu ili aende Zhanxi.

"Hayo ni ya vita vya zamani," alisema. "Mama yako mwenyewe mzima. Wewe mzima. Sasa kitaanzia wapi?"

"Ndiyo sijui kitaanzia wapi."

"Basi usikipe pa kuanzia."

Aliondoka. Jioni alirudi na mashine ya kusafisha hewa, kubwa kama jokofu la soda, akaichomeka, akakaa mbele yake akiitazama inavyopuliza. Nikajua na yeye ameshinda na wasiwasi kutwa nzima.

Kipimo kilichofuata cha mtoto tulikwenda wote, mama akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anayeongea polepole akijua Kichina si lugha yangu. Alipitisha kile kifaa tumboni, akarudi nyuma, akapitisha tena mahali pale pale. Niliijua maana ya kurudi nyuma. Hata ndege hurudi hivyo.

"Mguu mmoja umeelekea ndani," alisema. "Huenda ni jinsi alivyojikunja. Huenda ni mguu kifundo, unyayo uliopinda tangu tumboni. Tutatazama tena akikua kidogo." Kisha akauliza, "Katika familia kuna aliyewahi kuzaliwa na kasoro?"

Nilimgeukia mama nikamtafsiria. Alijibu kabla sijamaliza.

"Hapana. Hakuna."

Nilimweleza daktari habari ya ndege na mihogo. Nilimweleza yote, mpaka neno la mwisho la kitaalamu nililolijua. Alinisikiliza, akavua miwani, akaipangusa.

"Watoto wenye mguu kama huu huzaliwa kila siku," alisema, "na bibi zao hawajawahi kuona ndege ya vita. Huenda ni ile sumu. Huenda si ile. Mimi sina namna ya kujua, na nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

Nilitamani anidanganye.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu nikitafuta, nadhani, mtu wa kunikasirikia au wa kunikasirisha. Ni mzee mwenye adabu nyingi, anayemimina chai kabla ya kusema lolote. Nilimwambia ninataka kuandika sura nzima juu ya Msumbiji na kwamba nina shahidi. Aliuliza shahidi alikuwa na umri gani. Nilipomjibu akazungusha kikombe chake.

"Mihogo hufa kwa mambo mengi," alisema. "Ukame. Magonjwa. Na mtoto hukumbuka alichosimuliwa akidhani alikiona."

"Alitoa ulimi, mwalimu. Hilo hakusimuliwa."

"Huenda. Lakini msomaji wako hatakuwa na ulimi wake."

Nilitoka nimekunja ngumi. Nilipofika getini nikakumbuka kwamba mwanafunzi mwingine angeniletea habari kama ile, na mimi ningemuuliza swali lile lile.

Rafiki yangu mkubwa chuoni alikuwa Mvietnamu, msichana wa umri wangu aliyekuwa anasoma isimu. Tulizoeana kwa sababu sote wawili tulikosea toni za Kichina, yeye kidogo, mimi sana. Alijua somo langu tangu mwanzo na hakuwahi kulizungumzia. Mara moja tu aliniambia kwamba ana kaka asiyeweza kusimama wala kusema, na kwamba baba yao aliendesha lori msituni wakati wa vita. Aliongeza, "Watu huja kumpiga picha. Hawakai kula." Basi sikuuliza zaidi.

Sasa nilimtafuta. Nilimkuta bwaloni, nikamweleza kila kitu huku supu yangu inapoa. Alisikiliza akikata tambi kwa vijiti.

"Unataka nikwambie mtoto wako atakuwa mzima?"

"Ndiyo."

"Siwezi. Mimi mwenyewe nimezaliwa mzima, na kila nikifikiria kuolewa nawaza hilo tu." Akafuta mdomo. "Lakini naweza kuja kumwona mama yako. Sijawahi kumwona mtu mwingine wa namna hiyo, nje ya kwetu."

Alikuja Jumapili. Mama alitaka kumpikia, na kwa kuwa mgeni ni mgeni, mume wangu alikwenda mpaka maduka ya Waafrika ya Xiaobei kutafuta kisamvu kilichogandishwa. Mama alikipika kwa karanga na tui la boksi, akilalamika kwamba kimetwangwa na mtu mwenye haraka. Mgeni alionja, akatabasamu, akasema kwao pia majani ya mihogo huliwa, ila wao huyachachusha kwanza. Nilimtafsiria mama. Akamtazama yule msichana kana kwamba ndiyo kwanza ameingia.

"Muulize," alisema, "kwao walipulizia na mihogo?"

Nikauliza kwa Kichina.

"Mihogo, mpunga, msitu wote," rafiki yangu alijibu. "Baba anasema ulikuwa unaingia msituni unalala gizani, na baada ya siku chache unaamka juu yako kuna anga tupu."

Nilipotafsiri, mama akaitikia, "Eeh. Eeh." Kisha akaniambia, maana habari za kaka yule nilishamdokeza, "Muulize huyo kaka yake anayelala tu. Nani anamlisha?"

"Mama," alisema rafiki yangu. "Na mimi nikiwa nyumbani. Anapenda uji wa samaki. Ukimletea mwingine anafumba mdomo."

"Hakuna aliyekuja kumchukua?"

Nilisita. Nikatafsiri. Rafiki yangu hakuelewa.

"Kumchukua? Kumpeleka wapi?"

Mama aliweka kijiko chini. Alikuwa anatazama bakuli, na alipoanza kusema, alisema nami tu, na mimi niliacha kutafsiri. Rafiki yangu aliona hali, akatulia, mikono mapajani.

"Mama yangu alizaa kule porini," alisema, "mwaka ule ule wa ndege ile. Mtoto wa kiume. Sisi wadogo tulitolewa nje ya kibanda. Nilimsikia akilia. Alilia vizuri kabisa, kama watoto wote. Halafu wanawake wakubwa wakaingia, wakanong'ona, na mmoja akatoka amebeba kitu kwenye kaniki, akaelekea upande wa miti iliyokauka. Sikumsikia tena."

"Alikuwa na nini?"

"Sijui. Sikumwona. Mama yangu hawakumuuliza, na mimi sikumuuliza mama yangu mpaka anakufa. Watu walisema ni mkosi. Walisema kavunja mwiko. Baba yangu alipofika Tanzania akaoa mwingine."

Nilimuuliza, "Sasa kwa nini ulimwambia daktari hakuna?"

Akanitazama kama mtoto mzito wa kuelewa.

"Ningesema ndiyo, si wangekuja kumchukua na huyu? Mwanangu, unadhani nilipanda ndege kuja kuosha nguo? Kina dada zako wote nilikuwepo mlangoni wanapozaa. Wewe ukaenda kuzaa mwisho wa dunia. Nimekuja ili mtu asipite na mtoto mbele yangu."

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye upenyo wa jikoni na taulo mkononi. Alikuja, akapiga magoti kando ya mama mkwe wake, akasema, "Mama, hapa hakuna atakayemchukua. Mimi nipo." Mama alimpapasa kichwa, lakini niliona hakuamini.

Rafiki yangu hakuuliza kilichosemwa. Alipokuwa anavaa viatu, mama alimfungia kisamvu kilichobaki kwenye kopo, akampa kwa mikono miwili. Nilimweleza njiani nikimsindikiza kwenye treni ya chini ya ardhi. Alitembea akipisha pikipiki zilizobeba majora ya vitambaa, kisha akasema kwamba kwao pia zamani wanawake walizaa vitu ambavyo hawakuonyeshwa. Kwamba kaka yake alipozaliwa, mama yake alimzuia mkunga kwa panga asimchukue.

Kipimo cha pili kilithibitisha mguu. Mmoja, wa kushoto. Mengine yote, kwa kadiri macho yao yalivyoona, yalikuwa sawa. Ile "kwa kadiri" ndiyo niliyolala nayo hadi nilipojifungua.

Uchungu ulianza asubuhi, mvua haipo tena, baridi ya Guangzhou imeanza kuingia kwenye mifupa. Ndugu hawaruhusiwi chumba cha kuzalia. Mama na mume wangu walibaki koridoni, kwa hiyo haya ya nje nilisimuliwa.

Mimi nilimsikia mtoto akilia. Alilia vizuri, na hapo hapo nikapatwa na baridi, maana nilikumbuka ni nani mwingine aliyelia vizuri. Walinionyesha: mvulana, mwekundu, amekasirika, unyayo wa kushoto umegeukia ndani kama anayetaka kujitazama kisigino. Wakampangusa, wakamfunga, na muuguzi akasema anampeleka ghorofa ya chini akaonwe na daktari wa mifupa. Nilitaka kusema subiri. Nilikuwa naishiwa nguvu, Kichina chote kimenitoka, nikasema kwa Kiswahili, "Mama yupo nje, msipite naye mbele ya mama," na hakuna aliyenielewa.

Mlango ulipofunguka, mama aliona mwanamke mwenye barakoa anasukuma kitanda kidogo cha magurudumu, ndani yake kuna kitu kilichofungwa kitambaa. Mume wangu anasema hakumwona akiinuka. Alimwona tu ameshakishika kitanda kwa mikono miwili, na miguu yake, akiwa na soksi bila viatu, ameikita sakafuni. Muuguzi akasukuma, mama hakusogea. Muuguzi akasema taratibu, kisha kwa sauti. Mama akajibu kwa Kimakonde, kwa sauti kubwa zaidi, lugha ambayo mume wangu haijui lakini anasema aliielewa. Watu walitoka vyumbani. Mlinzi akaja. Mume wangu alikuwa katikati, anamwambia huyu kwa Kichina na yule kwa Kiswahili, jasho linamtoka, na katika ile ghasia aliweza kusema jambo moja la maana. Alimwambia muuguzi, "Zamani walimchukua mdogo wake, hakurudi."

Muuguzi aliacha kusukuma. Alikuwa kijana, anasema mume wangu, hata miaka thelathini hana. Alimwashiria mlinzi akae mbali. Kisha akauchukua mkono wa mama kutoka kwenye ukingo wa kitanda, akauweka kwenye mpini, kando ya mkono wake mwenyewe. Wakasukuma pamoja. Mama aliingia kwenye lifti kwa soksi, akashuka naye, akasimama kando wakati daktari wa mifupa anamgeuza geuza mjukuu wake, na akapanda naye tena. Walipomleta kitandani kwangu, yeye ndiye aliyemwinua.

"Huyu hapa," alisema. "Nimemhesabu vidole."

Daktari wa mifupa alianza kazi mapema: anaukanda mguu, anaunyoosha kidogo, anaufunga kwa plasta ngumu mpaka pajani, na wiki inayofuata anafungua na kuanza upya. Mtoto alilia kila mara na mama alimwimbia kila mara, akiwa amemkazia macho daktari asije akavuta zaidi ya inavyopasa. Mguu ulikuwa unarudi. Ilikuwa ajabu kuuona, kama mche unaoelekezwa kwa kijiti. Baada ya plasta ya mwisho alipewa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, akawa anavipiga kwenye ukuta mpaka fundi cherehani wa chini akapanda kuuliza tunajenga nini.

Mama aliondoka viza ilipokwisha. Kabla hajaondoka nilimwomba anisimulie tena, nirekodi, niandike. Alifikiri.

"Andika ya ndege," alisema. "Ya mihogo, andika. Ya mtoto yule niachie."

Niliandika ya ndege na ya mihogo. Mwalimu wangu alisoma, akapendekeza nieleze wazi kwamba haya ni kumbukumbu ya mtu mmoja na kwamba sikupata hati ya kuyathibitisha. Nilieleza wazi. Safari hii sikukunja ngumi. Sikujua, na mpaka sasa sijui, kama ni ile mvua iliyogeuza unyayo wa mwanangu au ni mambo tu ya maumbile. Kuna siku naamini moja, kuna siku naamini lingine, na siku mbaya zaidi ni zile ninazokuwa na hakika.

Mtoto sasa anatembea. Anachechemea kidogo akichoka, na watu wa mtaa, wenye mikokoteni ya vitambaa, humpisha wakimwita laoban mdogo, bosi mdogo. Akipata homa nachungulia kila sehemu ya mwili wake. Akichelewa kutamka neno, natafuta makala.

Mwezi uliopita mume wangu aliniuliza, huku anapanga viatu vya sampuli kwenye sanduku na hanitazami, kama hatufikirii kumpatia mwenzake. Nilimwambia nitamjibu. Bado sijamjibu.